Kura za Ng'ambo ya Mombasa

Kura ya mtu mmoja ni siri yake, wala haimpasi jirani kuiuliza. Lakini kura za mji mzima, zikisha kuhesabiwa na kutangazwa, huwa ni habari ya wote, na atakaye kuijua historia ya mji huo aweza kuzisoma. Basi, msomaji, na tuzisome kura za ng'ambo tatu zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa: Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini, na Changamwe upande wa magharibi.

Kwanza yafaa tuwajue wakaao huko. Changamwe ni mahali pa kazi. Reli yapita hapo, gati za Kipevu zi karibu, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilifanya kazi hapo tangu mwaka 1963 hata 2013. Kwa sababu hiyo Wakamba, Wataita, Waluhya na Wajaluo wengi walihamia huko kutafuta mshahara. Likoni ni nchi ya Wadigo. Kisauni wanakaa Waswahili na Wagiriama, pamoja na wazao wa watumwa waliokombolewa na kuwekwa Frere Town tangu mwaka 1875. Katika ng'ambo hizi mbili swali kubwa halikuwa mshahara bali ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimpa hati mtu aliyeweza kuthibitisha kuwa shamba ni lake mwenyewe. Ardhi iliyokuwa ya ukoo wote haikupata mtetezi. Hivyo wengi wakawa maskwota mahali pale pale walipozikwa babu zao.

Waafrika wa Kenya walipiga kura ya kuchagua wabunge wao kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 1957. Si kila mtu aliyeruhusiwa. Ilimpasa mtu kutimiza masharti ya elimu, mali au utumishi, na aliyetimiza mengi aliweza kupewa kura mbili, hata tatu. Pwani ilimchagua mwalimu, Ronald Ngala. Vyama vya KANU na KADU vilipozaliwa mwaka 1960, Ngala aliiongoza KADU, iliyotaka serikali za majimbo ili kila jimbo liamue juu ya ardhi yake. Wamijikenda wengi walimfuata; wafanyakazi wengi waliotoka bara waliipenda KANU. Tusidhani kwamba ni chuki iliyowatenga. Mwenye kuhofia shamba lake alitaka serikali iliyo karibu naye, na mwenye kuishi mbali na kwao alitaka serikali moja itakayomlinda popote aendapo. KADU ilivunjwa mwezi wa Novemba 1964, lakini hofu ile haikuvunjwa pamoja nayo.

Vyama vingi viliporudi, katika uchaguzi wa Desemba 1992, ng'ambo zote tatu ziliinyima KANU viti vyake. Likoni na Kisauni zilichagua FORD-Kenya, iliyoungwa mkono na wafuasi wa chama cha Kiislamu, IPK, kilichokataliwa kuandikishwa. Changamwe ilimchagua Kennedy Kiliku wa chama cha DP. Mtu wa bara na mtu wa pwani, kwa njia mbalimbali, walikuwa wamesema neno moja.

Kisha ikaja aibu ya mwaka 1997. Usiku wa tarehe 13 Agosti, watu wenye silaha walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua bunduki. Nyumba na vibanda vya watu wa bara vikachomwa moto. Watu zaidi ya 100 waliuawa katika siku zile, na wapatao 100,000 wakayahama makao yao. Uchaguzi ulikuwa Desemba mwaka ule ule, na wengi waliokimbia walikuwa wamejiandikisha huko huko walikokimbia. Kura zao zikapotea. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Likoni hakupona kwa kumfukuza mgeni: maduka yalifungwa, watalii wakaondoka, na hati za ardhi hazikuja.

Miaka ikapita, na mwaka 2007 chama cha ODM kikashinda viti vyote vya Mombasa. Mwaka 2016 serikali iliwapa hati wakazi wa shamba la Waitiki huko Likoni, ingawa walitakiwa kuzilipia. Labda ungedhani kwamba watu wangeishukuru kwa kura. Haikuwa hivyo. Mwaka 2017 mbunge wao, Masoud Mwahima, aliyekuwa amehamia chama cha serikali, alishindwa na Mishi Mboko wa ODM.

Tujifunze nini? Kwamba kura hufuata maisha ya mtu: kazi yake, shamba lake, na usalama wake. Ukitaka kujua kwa nini mji fulani umechagua hivi au vile, usianze kwa kuuliza kabila za watu. Uliza wanakula nini, na ardhi wanayolala juu yake ni ya nani. Tena kumbuka kwamba kura haina thamani ila mpigaji wake awe salama. Wewe utakayeandikishwa kesho, ilinde ya jirani yako kama ulindavyo yako, hata ukijua kwamba hamtachagua mtu mmoja.