Watoto wawili wa Yerusalemu

Ndugu msikilizaji, kila mazungumzo haya yanapogusa Mashariki ya Kati napokea barua za aina mbili. Za kwanza zinaanza na Agano la Kale. Za pili zinaanza na Msikiti wa Al-Aqsa. Zote zinamalizia kwa kunitaka niseme niko upande wa nani. Barua hizo zimezidi tangu Oktoba 7, 2023, siku ambayo wapiganaji wa Hamas na wenzao walivuka kutoka Gaza wakaua watu wapatao 1,200, wakiwemo vijana wetu wawili waliokwenda kujifunza kilimo, na Israeli ikajibu kwa vita vilivyoua makumi ya maelfu ya watu wa Gaza.

Leo naomba tuviweke vitabu vitakatifu kando kwa dakika chache. Si kwa kuvidharau, la hasha. Ila watu wawili ninaotaka kuwazungumzia hawakulelewa katika nyumba za wacha Mungu sana, na ugomvi wao hawakuutoa humo.

Wote wawili walizaliwa Yerusalemu mwaka 1939. Wakati huo Palestina ilikuwa mikononi mwa Waingereza, waliokabidhiwa na Shirikisho la Mataifa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kama walivyokabidhiwa Tanganyika. Mmoja ni Amos Klausner, aliyekuja kujiita Amos Oz na kuwa mwandishi mashuhuri wa Israeli. Wa pili ni Ghada Karmi, daktari na mwandishi wa Kipalestina. Kila mmoja ameandika habari za utoto wake, na vitabu vyote viwili vilitoka mwaka 2002. Nimevisoma kimoja baada ya kingine, na nakiri vilininyima usingizi.

Klausner alikulia mtaa wa Kerem Avraham, katika kijumba cha chini kilichojaa vitabu. Baba yake alitoka Vilna na mama yake Rovno, miji ya Ulaya ya Mashariki. Ndugu wa baba yake aliyebaki Vilna aliuawa na Manazi pamoja na mkewe na mtoto wao mdogo. Karmi alikulia Qatamon, kilomita chache kutoka hapo, katika nyumba yenye bustani. Baba yake alikuwa ofisa wa Idara ya Elimu, na aliyemlea ni mama mmoja wa kijijini aitwaye Fatima.

Usiku wa Novemba 29, 1947, Umoja wa Mataifa ulipiga kura ya kuigawa Palestina. Nchi 33 zilikubali, 13 zilikataa, 10 hazikupiga kura. Huko Kerem Avraham watu walijazana barabarani kusikiliza redio moja, na matokeo yalipotangazwa wakapiga kelele za furaha. Alfajiri baba yake Amos alijilaza kitandani kando ya mwanawe, akamsimulia jinsi wanafunzi wenzake huko Ulaya walivyomdhalilisha kwa kuwa yeye ni Myahudi, akamwambia kuwa sasa hayo yamekwisha. Mtoto akagundua gizani kuwa baba yake analia.

Kwa upande wa Waarabu hapakuwa na sherehe. Wao walikuwa takriban theluthi mbili ya wakazi, na nchi ya Wayahudi ilipangiwa zaidi ya nusu ya ardhi. Nani angekubali? Mapigano yakaanza mara moja. Aprili 9, 1948 vikundi vya Irgun na Lehi viliua zaidi ya watu 100 katika kijiji cha Deir Yassin, pembezoni mwa mji. Siku nne baadaye Waarabu waliushambulia msafara wa madaktari na wauguzi uliokuwa ukienda hospitali ya Hadassah, wakaua zaidi ya watu 70. Mwezi huohuo wazazi wa Ghada walimpakia katika teksi pamoja na nduguze, wakiwa na mizigo michache, wakidhani watarudi baada ya wiki chache. Mbwa wao, Rex, alibaki nyuma akiitazama gari. Fatima naye alibaki.

Hawakurudi. Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makwao, na sheria ya Israeli ya mwaka 1950 ikaziweka mali za wasiokuwepo chini ya msimamizi wa serikali. Katika miezi hiyo Amos naye alikuwa chini ya mizinga ya jeshi la Transjordan, ndugu na majirani wamebanana katika kile kijumba cha chini, na Wayahudi wa Mji Mkongwe walifukuzwa wote. Waisraeli huviita vita hivyo Vita vya Uhuru. Wapalestina husema Nakba, yaani maafa.

Sitaki nieleweke vibaya. Kusema kila mmoja ana kumbukumbu yake si kusema mizani ililingana. Oz alipata dola. Karmi alipata uraia wa Uingereza. Waliowaua jamaa wa Oz hawakuwa watu wa Qatamon, na Oz mwenyewe alikuwa akisema kwamba Wayahudi na Waarabu wote waliumizwa na Ulaya, hawa kwa mauaji na hawa kwa ukoloni. (Babake Ghada, niongeze kwa kuwa ni mtu wa fani yetu, aliishia kuwa mtangazaji maarufu wa Idhaa ya Kiarabu ya BBC.)

Oz, aliyefariki mwaka 2018, alitaka nyumba igawanywe, kila taifa lipate vyumba vyake. Karmi anataka dola moja ya watu wote. Namwelewa: mipaka ya 1967 haimrudishii mlango wa Qatamon, maana Qatamon iko upande wa Israeli.

Mwaka 2004 kijana wa Kipalestina, Mkristo, George Khoury, alipigwa risasi akifanya mazoezi ya kukimbia Yerusalemu. Waliomuua ni Wapalestina waliodhani ni Myahudi. Baba yake, wakili Elias Khoury, aligharimia tafsiri ya kitabu cha Oz kwa Kiarabu, ikatoka 2010 ikiwa imetabarukiwa kwa kijana huyo. Mwaka uliofuata Oz alimpelekea nakala Marwan Barghouti, kiongozi wa Kipalestina aliyefungwa maisha Israeli, akimwomba asome apate kuwaelewa Wayahudi. Waisraeli wengi walikasirika, na hospitali moja iliyokuwa imemwalika Oz kuhutubia madaktari wake ikafuta mwaliko.