Sheria ya Njisi na Makavazi ya Mbali

Msomaji wa visiwani akitajiwa tarehe 1 Julai 1890 hukumbuka mkataba ule ambamo Mjerumani alimwachia Mwingereza himaya ya Unguja na Pemba, naye akapokea kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Wachache hukumbuka kwamba hati hiyo hiyo, iliyotiwa saini Berlin, ndiyo iliyoikata nchi ya Wanyakyusa na ndugu zao Wangonde. Kifungu chake cha kwanza chauanza mpaka pwani, chaupandisha Ruvuma, chaufikisha Ziwa Nyasa, kisha chaufuatisha ufuo wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi mpaka ukingo wa kaskazini wa mlango wa Mto Songwe. Hapo chapanda na mto. Njisi haikutajwa, wala hapana mzee wa Njisi aliyeulizwa.

Njisi leo ni kata ya wilaya ya Kyela, katika bonde la Songwe, nchi ya mpunga, migomba na kakao. Ng'ambo ya mto ni Malawi, na watu wa kingo mbili husalimiana kwa lugha zinazoelewana na huoleana. Mto wenyewe hautulii. Mvua zikizidi huacha mkondo wake na kujichimbia mwingine, na shamba lililolala Tanzania likaamkia upande wa pili. Mtu wa hapo akigombea ardhi, ng'ombe wa mahari au urithi wa babake, huhukumiwa kwa sheria ipi? Na sheria hiyo imeandikwa wapi? Swali la kwanza nawaachia mahakimu. La pili ndilo lililonishughulisha, kwa kuwa jibu lake limetawanyika katika masanduku ya wanazuoni, mengine mbali kupita kiasi.

Sanduku la kwanza liko Cape Town. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wakiuliza na kuandika. Mwaka 1937 Godfrey alichapisha utangulizi wa sheria ya Kinyakyusa. Mwaka uliofuata akatoa kijitabu juu ya haki za mtu binafsi katika ardhi. Na mwaka 1939 kingine juu ya utawala wa Ungonde, ng'ambo ya Songwe. Alifariki 1944. Monica akaendelea na kazi, akatoa vitabu vinne juu ya watu hao kati ya 1951 na 1977, akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na alipofariki mwaka 1982 makaratasi ya wote wawili yakawa mali ya maktaba ya chuo hicho.

Hao hawakuwa wanasheria, na huenda ndiyo heri. Mwanasheria hutafuta kanuni. Wilson aliandika mashauri: nani alimdai nani, shahidi gani alisema nini, wazee wa kijiji walipatanisha vipi. Nyuma ya mashauri hayo alikuwapo karani na mkalimani wao, Leonard Mwaisumo, aliyezaliwa mwaka 1910 na kufariki 1938, kijana bado. Kila neno la mzee wa Kinyakyusa lililovuka kuingia Kiingereza lilipita katika kinywa au kalamu ya mtu wa namna yake. Kwa miaka mingi hakutajwa ila kwa mstari mmoja wa shukrani. Mwaka 2013 ndipo kilipotoka kitabu kilichochunguza kazi ya wakalimani wa Monica Wilson, na humo Mwaisumo akapewa sura yake. Sisi tulio na mazoea ya kuuliza nani aliyenakili utenzi, na si nani aliyeutunga tu, tungalimtafuta mapema zaidi.

Sanduku la pili liko Dar es Salaam, katika maktaba ya chuo kikuu pale Mlimani. Ni la Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali ya Tanganyika. Wapenzi wa ushairi huenda wanamjua kwa kitabu chake *Sikilizeni Mashairi*, kilichopigwa chapa Mwanza. Maktaba iliyopokea makaratasi yake ndiyo pia ihifadhiyo miswada ya Kiswahili iliyokusanywa na J. W. T. Allen na kuorodheshwa mwaka 1970. Kwa hiyo utenzi wa pwani na mila ya bara vinakaa chini ya paa moja. Cory aliandika sheria za Wahaya, kisha za Wasukuma, na karibu na uhuru akatwikwa kazi ya kuziunganisha sheria za mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba ziwe kitu kimoja. Alikufa mwaka 1962. Rasimu zilijadiliwa na wazee, na mwaka 1963 serikali ikazitangaza katika Gazeti lake, wilaya baada ya wilaya.

Hapa ndipo karatasi inapouma. Kwa maandishi ya akina Wilson, mali ya Mnyakyusa, na hasa ng'ombe, ilielekea kwa nduguye wa tumbo moja kabla ya kumfikia mwanawe; mwana alingoja rika la baba zake limalizike. Tangazo la 1963 lina ngazi tatu za warithi: kwanza mwana mkubwa wa kiume wa nyumba ya kwanza, kisha wana wengine wa kiume, na mwisho mabinti. Ndugu wa marehemu hana nafasi maadamu wako watoto. Sidai kwamba mila ya zamani ilikuwa ya haki zaidi. Mjane na binti hawakupata nafuu katika hii wala ile. Na mwaka 1990, pale Mwanza, Jaji Mwalusanya katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory alikataa kanuni iliyomzuia mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi. Ninalosema ni kwamba sheria iliyoandikwa ikiitwa mila huwa nzito kuliko mila yenyewe, na asiye na daftari la zamani hana cha kuipimia.

Ndipo tunapofika kwa walimu wa sheria wenyewe. Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 na mkuu wa kitivo A. B. Weston, nacho ndicho kilichokuwa chuo kizima. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwamo Julie Manning, baadaye jaji na Waziri wa Sheria. Miongoni mwa walimu alikuwamo William Twining, mwana wa gavana aliyeitawala Tanganyika kutoka 1949 hadi 1958. Huyu Twining ndiye aliyeyapanga makaratasi ya marehemu Karl Llewellyn, profesa wa sheria wa Chicago, na mwaka 1968 ikachapishwa orodha yake. Mwaka 1994 alihariri pamoja na Emma Varnden Quick kitabu juu ya utunzaji wa kumbukumbu za sheria katika nchi za Jumuiya ya Madola. Alikwisha kuona kuwa rasimu iliyokatwakatwa na barua isiyotumwa humfunua mwanasheria kuliko kitabu chake.

Shule Kuu ya Sheria ya leo, mrithi wa kitivo kile, ina hazina ambayo Chicago haina: tasnifu za wanafunzi. Kijana wa Kyela, wa Bukoba au wa Pemba alirudi kwao likizo, akakaa katika mahakama ya mwanzo, akaandika alichokiona. Mwanafunzi huyo alisikia shauri kwa lugha ya mamaye, bila mkalimani. Tasnifu moja ikiliwa na mchwa, hakuna mahali pa kuinunua nyingine.

Wenye kudhani haya ni mambo ya wakusanyaji vumbi wautazame mpaka wa ziwa. Tangu mwaka 1967 Tanzania imeshikilia kwamba mpaka wake na Malawi wapita katikati ya maji, na Malawi kwamba wafuata ufuo kama ulivyoandikwa 1890. Suala lilipopelekwa mwaka 2012 kwa wasuluhishi wakiongozwa na Joaquim Chissano, hoja za pande mbili zilikuwa za makaratasi: mkataba wa Berlin kwa huyu, ripoti za Waingereza kwa Shirikisho la Mataifa kwa yule. Mvuvi wa Kyela hajui ripoti hizo ziko kabati gani, ila nyavu zake zimo ndani yake.

Tarehe 18 Aprili 2021 moto wa mlimani uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba cha kusomea cha Jagger pamoja na vitabu vingi vya Afrika. Nyaraka nyingi zilizokuwa ghorofa za chini zilinusurika na moto, lakini maji ya kuzimia yaliwafuata huko. Watu wa kujitolea walijipanga mstari na kuzitoa kreti kwa kreti, wakakausha karatasi moja moja. Kutoka Njisi hadi Mlimani ni zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Hadi Cape Town ni nchi kadhaa na pasipoti.