Namba ya Babu

Babu yangu wa Mabamba alikata mkonge Tanga akiwa manamba. SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944, iliwaandikisha Waha, ikawapa namba na kuwasafirisha. Kazi ilihesabiwa kwenye kipande. Mshahara hadi siku 30 zijae. Kila kitu kiliandikwa, ila daftari lilikuwa la mwajiri.

Leo Warundi wanavuka mpaka kuja kulima kwetu, wengi kwa maneno matupu. Jirani alimlimisha kijana msimu mzima. Siku ya malipo akamtishia Uhamiaji. Kijana akakimbia bila senti. Mimi ningeanza na daftari tu kwa mtendaji wa kijiji: jina, siku, ujira.

Nilipomsimulia Babu, aliuliza kama kijana alikuwa na kipande.

Hakuwa nacho.