Hedifoni za mgongo wazi: Usafi wa sauti na masharti yake

HEDIFONI za mgongo wazi ni zile ambazo upande wake wa nje haukuzibwa, bali umewekewa wavu unaopitisha hewa na sauti. Hutumiwa hasa nyumbani na wanaopenda kuuchambua muziki kwa makini: wapiga ala, wahandisi wa sauti na mashabiki wasiotosheka na mdundo mtupu.

Ndani ya kila kikombe mna koili ya waya mwembamba iliyogundishwa kwenye utando na kuwekwa karibu na sumaku. Mkondo wa umeme unapopita, koili husogea mbele na nyuma, nao utando hutikisika na kuzaa sauti pande zote mbili. Katika hedifoni zilizozibwa, sauti ya nyuma hugonga ukuta wa kikombe na kurudi, ikachanganyika na ile inayoelekea sikioni. Katika zile za mgongo wazi, sauti hiyo hutoka nje. Kwa sababu hiyo, ala husikika zikiwa zimetengana vyema, kana kwamba zimetawanywa chumbani.

Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ndiyo iliyoieneza aina hii ilipoanza kuuza HD 414 mwaka wa 1968.

Miongoni mwa mafundi wanaozitengeneza kwa mkono, Grado Labs ya Brooklyn, jijini New York, ina sifa ya pekee. Joseph Grado, aliyekuwa fundi wa saa, aliianzisha mwaka wa 1953 ili kuunda vichwa vya sindano za gramafoni. Duka la matunda la familia yake ndilo lililogeuzwa kuwa karakana. Mpwa wake, John Grado, aliinunua kampuni hiyo mwaka wa 1990, wakati ambapo diski za CD zilikuwa zimedhoofisha soko la santuri, akaielekeza kwenye hedifoni. Baadhi ya vikombe vyake huchongwa kwa mbao za mahogani. Joseph alifariki mwaka wa 2015.

Hata hivyo, wavu unaotoa sauti nje ndio huo huo unaoingiza kelele ndani. Aliyeketi kando husikia kila wimbo, naye msikilizaji husikia magari, televisheni na majirani. Besi nzito nayo hupungua, kwani mawimbi ya mbele na ya nyuma hukutana na kufutana. Hivyo basi, vifaa hivi havifai ndani ya matatu wala ofisini.

Hatari kubwa zaidi ni kwa masikio. Anayetaka kushinda kelele za nje huongeza sauti bila kutambua. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wasizidishe saa 40 kwa wiki wanaposikiliza sauti ya desibeli 80. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Zikifika 90, hubakia takriban saa nne pekee. Chembe za sikio la ndani zinapokufa hazioti tena.

Anayenunua hedifoni za aina hii, basi, hana budi kwanza kutafuta chumba kitulivu. Akikikosa, zile zilizozibwa zitamfaa zaidi, hata kama ni za bei nafuu.