UZI: Kutoka Land Rover ya DC hadi "V8" ya mheshimiwa

1/ Kampeni zikikaribia, swali moja hurudi huku Turkana Magharibi, kuanzia Lopur hadi Lokichogio: "Mbona mheshimiwa amebadilisha gari tena?" Wengine wanasema ni wivu wetu. Wengine wanasema ni wizi wake. Wadau, tuanze mwanzo. Sitaji mtu wala chama.

2/ Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Muda si mrefu ikawa gari la mkoloni Afrika Mashariki nzima. Turkana wakati huo ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni haingii bila kibali. Ndiyo maana wafungwa wa kesi ya Kapenguria waliletwa Lokitaung, kisha Lodwar. Kwa raia, gari lilikuja na askari, kodi na amri.

3/ Uhuru ukaja, mkubwa akabadilika, gari likabaki. Kisha Toyota ikaingia. Land Cruiser ya 70, iliyotoka 1984, ni gari la chuma na kazi, fundi wa kijijini anaielewa. Polepole Land Rover ikapotea barabarani. Hayo mabadiliko ya kwanza yalikuwa na sababu: spea, uimara, mchanga wa laga.

4/ Barabara nayo ina hadithi yake. Lami ya Kitale–Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norway miaka ya 1980. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano na Norway. Miradi ikakwama, lami ikaliwa na mashimo kwa miaka na mikaka. Kumbuka hili, tutalirudia.

5/ 1989 ikaanza Operation Lifeline Sudan, na Lokichogio ikawa kituo chake kikubwa. 1992 kambi ya wakimbizi ikafunguliwa Kakuma. Land Cruiser nyeupe zenye antena ndefu zikajaa. Sasa gari kubwa likapata maana nyingine: anayelipanda ana chakula, dawa na ajira.

6/ Nairobi wakubwa walikuwa na Benz zao, hadi wakaitwa Wabenzi. Bajeti ya 2009 ikaagiza mawaziri waachie magari makubwa, injini isizidi cc 1800. Serikali ikanunua Volkswagen Passat. Hoja ikazuka palepale: hiyo Passat itafikaje mashinani? "Barabara mbovu" ikawa tiketi. Leo angalia msafara wowote: ni Prado na V8.

7/ Na hii V8 yenyewe? Watu walimaanisha Land Cruiser ya 200, ya mwaka 2007. Ile ya 300 iliyoifuata 2021 haina injini ya V8 kabisa, ni V6. Mtaani bado ni "V8". Yaani jina limeacha kuwa la injini, limekuwa cheo. Ndugu zetu Tanzania wao husema "shangingi", na ukisikia neno lenyewe unajua wanaongelea anasa.

8/ 2013 ugatuzi ukafika. Lodwar ikawa makao makuu ya kaunti, na wakubwa wakaongezeka. Kipindi hichohicho wabunge wakapewa ruzuku ya gari ya shilingi milioni 5 kila mmoja. Hapa ndipo mijadala yetu huharibika. Tunachanganya magari matatu: la ofisi, la ruzuku, na alilonunua mtu kwa pesa zake. La kwanza ni mali yako wewe mlipa kodi. La pili ulilichangia. La tatu ni lake, swali lako pale ni moja tu: pesa zilitoka wapi?

9/ Tuwe wa haki. Turkana ni zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Tarach ikishuka na maji, Probox haivuki. Hakuna mtu mwenye akili anayemwambia kiongozi aende Letea kwa gari la chini. Lakini ambulensi na gari la polisi huvuka laga hiyohiyo kwa Land Cruiser ya 70. Kinachozidi kwenye ile nyingine ni viti vya ngozi, ubaridi na heshima.

10/ Sasa rudi kwenye barabara. Lami ya Lokichar, Lodwar, Kakuma kuelekea Nadapal imejengwa upya, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ambao tunaulipa sote. Kama shida ilikuwa barabara, mbona barabara imekuwa nzuri na gari limezidi kuwa kubwa?

11/ Kwa nini hili si umbea? Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kunyesha vizuri. Mifugo ikafa, watu wakangoja lori la maji. Lori la maji hunywa dizeli ileile inayonywewa na msafara.

12/ Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana na kuanguka kwa Mswada wa Fedha, serikali ilitangaza kusimamisha ununuzi wa magari mapya kwa miezi 12, isipokuwa ya usalama. Tumeona 2009, tukaona 2024. Amri hutoka watu wakiwa na hasira. Hasira ikipoa, gari hurudi na jina jipya.

13/ Kwa hivyo kwenye baraza lijalo, usiulize "mbona umebadilisha gari?" Utajibiwa barabara. Uliza haya:
– Hili gari ni la nani kwa karatasi?
– Mafuta na matengenezo yake kwa mwaka ni pesa ngapi?
– Ambulensi ya wodi yetu iko wapi, na ina mafuta leo?
– Lile gari la zamani lilienda wapi? Mnadani, gereji, au nyumbani kwa mtu?

14/ Hilo la mwisho ndilo linalonyamazisha baraza. Gari jipya kila mtu analiona. Lile la zamani ni letu pia, na mara nyingi hakuna anayeliuliza. Ulizeni.