Mwendo baada ya kubadilishwa nyonga

Katika upasuaji wa kubadilisha nyonga, kichwa kilichoharibika cha mfupa wa paja huondolewa, na mahali pake huwekwa kichwa bandia cha chuma au kauri, kinachozunguka ndani ya kikombe kilichopachikwa kwenye fupanyonga. Mfumo wa kisasa umetokana na kazi ya John Charnley, daktari Mwingereza aliyeukamilisha miaka ya 1960 katika hospitali ya Wrightington. Wagonjwa wengi ni wazee waliolika gegedu. Afrika Mashariki wamo pia vijana wenye selimundu, kwa kuwa ugonjwa huo waweza kuinyima damu mifupa hadi kichwa cha paja kikafa na kubonyea.

Maumivu ya zamani huisha mapema. Kuchechemea huchelewa, na hilo huwashangaza wengi. Tatizo mara nyingi si kiungo kipya bali misuli. Mguu mmoja ukiwa hewani, misuli ya ubavuni mwa nyonga ya mguu uliokanyaga ndiyo huzuia kiuno kisilalie upande wa pili. Kazi hiyo ni nzito: kiungo hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Aliyeukwepa mguu unaouma kwa miaka amesinyaa misuli hiyo kabla hajafika kwa daktari, na upasuaji wa kupitia ubavuni huikata kwa sehemu. Ikishindwa, kiuno hushuka, ishara aliyoieleza Friedrich Trendelenburg mwaka 1895, au mtu huinamisha kiwiliwili kila anapokanyaga.

Ndiyo maana bakora hushikwa kwa mkono wa upande mzima. Wengi hufanya kinyume, wakidhani mguu mbovu ndio unaohitaji mwenzi jirani. Mkono wa upande wa pili uko mbali na nyonga iliyopasuliwa, hivyo ukisukuma chini kidogo tu huipunguzia misuli ile mzigo mkubwa. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, uliopasuliwa hutangulia kushuka.

Mgonjwa huinuliwa siku ileile au kesho yake, kwa fremu au magongo. Baada ya wiki 6 hivi wengi wamebaki na bakora, lakini nguvu huendelea kurudi hata kwa mwaka mzima, mradi mazoezi ya kuinua mguu kando hayaachwi. Mguu ukionekana mrefu, asikimbilie kuongeza soli: mara nyingi ni misuli iliyokaza, na hulegea baada ya miezi michache.

Aliyepasuliwa kwa nyuma huonywa asikunje nyonga kupita nyuzi 90 wiki za mwanzo, isije ikateguka. Choo cha kuchuchumaa huhitaji kiti cha kuwekwa juu yake, mkeka husubiri, na Mwislamu huswali ameketi kitini mpaka daktari atakapomruhusu kusujudu.