Chekechea na Kazi ya Mikono: Mafundisho ya Watoto Wadogo katika Sharika za Buhaya

Katika historia nyingi za sharika za Buhaya, chekechea hupewa aya moja tu, baada ya kwaya na kabla ya tangi la maji. Hutajwa idadi ya watoto, hutajwa kwamba wanafundishwa kusoma, kuhesabu na nyimbo za dini, kisha mwandishi huendelea na ujenzi wa nyumba ya mchungaji. Aya hiyo fupi inaficha jambo zito. Chumba cha chekechea ndimo kanisa lilimojibu, pasipo azimio la kikao chochote, swali la namna mwanadamu anavyojifunza: kwa kusikia na kurudia, au kwa kushika na kutenda.

Injili ilifika Bukoba ikiwa kitabu. Wamisionari wa Betheli walipofika mwaka 1910 pamoja na Ernst Johanssen, walikuta Wahaya waliokwisha kusoma Maandiko kwa njia ya Uganda. Kama ilivyokuwa Buganda, kuamini na kusoma vilitajwa kwa neno moja. Mkristo alikuwa msomaji. Kwa hiyo darasa la ubatizo lilikuwa pia darasa la herufi, na Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 ilishikwa kwa moyo, swali kwa jibu. Asidharau mtu njia hiyo. Katika nyumba ambamo hapakuwa na kitabu cha pili, kukariri kuliitunza imani, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, yaliyokuwa vichwani mwa wainjilisti hayakuondoka nao.

Lakini njia ifaayo kwa kijana wa kipaimara ilihamishiwa kwa mtoto wa miaka minne bila kuulizwa kama inamfaa. Chekechea zilipoanza katika sharika, zilirithi benchi la kanisa, ubao mweusi na fimbo ya kuonyeshea. Mwalimu alitamka, watoto sitini au zaidi wakaitikia. Miguu yao ilining'inia, kwa maana mabenchi yale yalitengenezwa kwa kimo cha baba na mama zao.

Ajabu ni kwamba mtoto huyo alikuwa ametoka katika shule nyingine asubuhi ileile. Kaagya, kama vijiji jirani vya Bukoba na Muleba, hukaa ndani ya vibanja, migomba na mibuni ikiwa imezunguka nyumba kila upande. Humo mtoto hukabidhiwa kazi kabla ya kukabidhiwa maelezo. Humwokotea mama buni zilizodondoka na kujifunza kutenga mbivu na mbichi. Hushika ncha ya ukili bibi anaposuka mkeka. Hutengeneza gari kwa vipande vya mgomba, na likivunjika hulitengeneza tena bila kuambiwa kosa lilikuwa wapi. Wakati wa senene hujifunza upesi wa mkono ambao hakuna mwalimu awezaye kuueleza kwa maneno.

Kwamba elimu ya namna hiyo hukaa, Buhaya ina ushahidi wake. Mwaka 1976 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma kama walivyofanya ujanani mwao. Ufundi huo ulikuwa umeachwa kwa miaka mingi, kwa sababu majembe ya kununua yalikuwa rahisi zaidi. Wazee wale walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakachoma nyasi za bondeni katika shimo lake, wakapanga mkaa na mawe ya chuma, wakavukuta. Majaribio mengine yalishindikana kwanza, nao wakarekebisha hadi chuma kikapatikana. Habari zake zilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science nchini Marekani. Wazee hawakuwa na kitabu cha kurejea, mikono ilikumbuka.

Wala si kweli kwamba Walutheri walihitaji kuazima jambo hili kwa wengine. Mwaka 1524, akiwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani juu ya shule, Luther alitetea mafundisho yenye furaha na michezo kwa watoto, kwa kuwa kijana hawezi kukaa bila kuruka na kutenda. Mwaka 1526, katika utaratibu wake wa ibada kwa Kijerumani, alipendekeza mtoto awe na mifuko miwili, mmoja wa imani na mmoja wa upendo, naye atie humo mistari ya Biblia aliyoisikia, kama mtu atiaye sarafu mfukoni. Akaonya kwamba asiwepo mwenye hekima wa kuudharau mchezo huo, maana Kristo naye alifanyika mtu ili awavute watu. Hayo yaliandikwa miaka mitatu kabla ya Katekisimu, na mkono uleule.

Wapo waliomfuata. Katika miaka ya 1770 mchungaji Johann Friedrich Oberlin, katika milima ya Vosges, aliwakusanya watoto wadogo chini ya akina mama vijana waliowafundisha kufuma sufu huku wakijifunza majina ya mimea. Friedrich Fröbel, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, alianza kazi yake Bad Blankenburg mwaka 1837 kwa mipira ya sufu na vipande vya mti vya mviringo na vya pembe, na mwaka 1840 akaiita bustani ya watoto. Serikali ya Prusia ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka 1851, ikizishuku kwa ukana Mungu, hadi mwaka 1860. Wakati huohuo mashemasi wa kike wa Kaiserswerth, waliokusanywa na Theodor Fliedner mwaka 1836, walifundishwa kazi ya watoto wadogo, na kutoka kwao ukatoka msaada wa kuanzisha nyumba ya Sarepta huko Betheli mwaka 1869. Hivyo Betheli iliyoleta kitabu Bukoba ilikuwa na bustani ya watoto nyumbani kwake. Katika mzigo wa safari, kitabu ndicho kilichofunguliwa kwanza.

Historia ya nchi ikaisukuma chekechea mbele. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za kanisa zilizopata ruzuku mikononi mwa serikali, na sharika nyingi zilibaki na watoto ambao hawajafikia umri wa darasa la kwanza. Mwaka 1981 ikaja sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, iliyodai vituo viandikishwe. Ndipo likaja pigo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata mabibi walijikuta wakiwalea wajukuu pasipo wazazi. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ikaanzisha HUYAWA, Huduma ya Watoto. Wengine waliiita chekechea shule ya vidudu, kwa mzaha. Mzaha huo haukumfaa bibi mwenye wajukuu watano na shamba la kulima, aliyepata saa nne za asubuhi ambamo wadogo walikunywa uji na kutazamwa na mtu mzima. Mtoto aliyefiwa aweza kukataa kuimba na wenzake kwa majuma mengi. Udongo wa mfinyanzi ni nadra aukatae.

Njia iliyosaidia kurudisha mikono darasani ni ile ya Maria Montessori, tabibu wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma tarehe 6 Januari 1907. Ndani ya KKKT mafunzo ya njia hiyo yalitolewa na masista wa Ushirika wa Neema huko Moshi, jumuiya iliyoanza mwaka 1980. Mtoto humimina maharage kutoka jagi hadi jagi, baadaye maji. Yakimwagika, hajakemewa na mtu, meza yenyewe imemwambia, naye huchukua kitambaa akafuta. Hufunga na kufungua vifungo. Hupitisha kidole juu ya herufi iliyokatwa kwa msasa kabla ya kupewa kalamu. Shanga kumi huunganishwa kuwa kijiti, vijiti kumi kuwa mia, hata mtoto akaijua tofauti ya kumi na mia kwa uzito mkononi.

Vifaa hivyo ni ghali, lakini kijijini pana mbadala: visoda, buni kavu, vijiti vilivyofungwa kumikumi kwa kamba ya mgomba. Chana za ndizi hufaa kuhesabia, ila hazina idadi moja, na mtoto wa Kihaya ndiye wa kwanza kumsahihisha mwalimu anayesema zote ni sawa.

Upinzani ulitoka kwa wazazi, nao hawakuwa wajinga. Mzazi aliyelipa ada kwa fedha ya kahawa alitaka kuona daftari. Mtoto akirudi na matope bila mstari mmoja ulioandikwa, mzazi alidhani ameibiwa. Na jirani, ambaye mwanawe alikariri majina ya wanyama kwa Kiingereza, alionekana kufaidi zaidi. Sharika nyingi zilisalimu amri. Kosa lao halikuwa kuwasikiliza wazazi, bali kutowaita waingie darasani wakaone mtoto anavyokosea na kujisahihisha.

Muhtasari wa elimu ya awali uliotolewa na serikali mwaka 2016 ulikuja kutaka michezo na kona za kujifunzia, jambo ambalo mwalimu wa chekechea aliyepata mafunzo alikuwa akilifanya kwa visoda vyake. Karatasi imekubali. Ugumu uliobaki ni wa chumba na wa mshahara, hasa pale mwalimu mmoja anapokuwa na watoto wengi kuliko vikombe. Na mahali ambapo darasa ndilo kanisa lenyewe, kona haiwezi kukaa. Ijumaa mchana mwalimu hukusanya majagi, herufi za msasa na masanduku ya buni, huviweka nyuma ya mlango wa sakristia, huvuta mabenchi marefu na kuyapanga yaelekee madhabahu. Jumatatu, kabla watoto hawajafika, huyavuta tena pembeni, peke yake.